Bosi ameshahamia nyumba yake, mimi bado namdai

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni fundi wa kuchomelea, nina karakana ndogo hapa Tabata. Natengeneza mageti, grili, milango ya chuma na rela za ngazi, na nina vijana wawili ninaofanya nao kazi. Kazi namshukuru Mungu zipo. Kinachonishinda ni kulipwa.

Mwanzoni mwa mwaka huu rafiki yangu tunayesali naye msikiti mmoja aliniunganisha na mjomba wake anayejenga Goba. Ni mtumishi wa serikali, mtu mzima, mstaarabu kweli. Tulikaa saiti juu ya matofali, akanionyesha picha za mageti kwenye simu yake, tukavutana bei mpaka tukafika 6,800,000. Hapo kuna geti kubwa la gari na kageti ka watu, grili za madirisha yote na rela ya baraza. Hatukuandikishana. Nilimpigia hesabu kwenye daftari langu, akaupiga picha ule ukurasa, akasema, "Fundi, tumemaliza."

Akanitumia 3,500,000 kwa benki, nikaenda kuchukua vyuma. Kazi ikiwa katikati akanitumia 1,200,000 kwa simu, vipande vipande. Iliyobaki, 2,100,000, alisema nitaikuta siku ya kufunga geti. Siku hiyo hakuwepo, alikuwa Dodoma kikazi. Mkewe akatupokea vizuri, chai na maandazi, tukafunga. Nilishaingia gharama ya kirikuu kutoka Tabata mpaka Goba, nikaona aibu kumwambia mama wa watu narudi na geti langu.

Tangu hapo ni hadithi. Nikipiga, "Fundi, niko kikaoni, nitakupigia." Nikisubiri, "Mwezi huu umekaa vibaya, wiki ijayo." Wameshahamia. Palisomwa maulidi ya kuingia nyumba mpya, nikaalikwa, nikala pilau na mimi, na aliponipokea getini akawaambia wageni, "Huyu ndiye fundi wangu." Ningeanzia wapi kudai?

Sasa hivi anasoma meseji, tiki zinakuwa za bluu, kimya. Wiki iliyopita akajibu, nikafurahi. Kumbe ananiambia geti linakwaruza chini na grili ya jikoni imeanza kutoa kutu. Hapohapo akaongeza kwamba shemeji yake anajenga Kibada, analipenda lile geti, nivuke nikapime, "halafu tutamalizana zote kwa pamoja." Kuna na mlango wa banda la kuku aliniomba juu kwa juu, 180,000, huo haukuandikwa popote.

Mimi nadaiwa 650,000 kwenye duka ninalochukulia vyuma Buguruni. Kijana wangu mmoja ameanza kwenda deiwaka kwa mwingine.

Ushauri ninaopewa huku ni huu. Mke wangu anasema niende na grinda nikakate geti nirudi nalo. Fundi mwenzangu ana askari anayemjua, anakukusanyia deni lako kwa asilimia 20. Mwingine anasema nimrushe picha kwenye magrupu ya WhatsApp, atalipa jioni ileile. Mama yangu anasema nimwachie Mungu. Mimi naogopa kumuudhi rafiki yangu, naogopa kuikosa kazi ya Kibada, na huyu ni mzee wangu kwa umri, sijui namwanzaje. Nifanyeje?

Fundi Geti, Tabata

JIBU

Marahaba mwanangu. Nianze na mkeo, kwa sababu grinda huwa haisubiri ushauri.

Geti likishafungwa kwenye nguzo za nyumba ya mtu limekuwa la nyumba ile, awe amemaliza kulipa au hajamaliza. Ukiingia kulikata bila ruhusa, kesho yake yeye ndiye mlalamikaji na wewe ndiye mtuhumiwa: kuingia kwa jinai, kuharibu mali. Milioni mbili zako hapo hazina mtu wa kuzizungumza tena, kila mtu anazungumza geti. Na hata ukifanikiwa kuondoka nalo, utalipeleka wapi? Limekatwa kwa kipimo cha nguzo za Goba. Litaishia kwenye mizani ya wanunua skrepa.

Askari wa asilimia 20 mwache alipo. Deni la kazi ni la madai, si jinai, na kituo cha polisi si ofisi ya kukusanya madeni. Anayekuahidi hivyo anafanya biashara yake binafsi akiwa amevaa sare, na siku mambo yakigeuka wewe ndiye uliyemtuma. Tena mzee ni mtumishi wa serikali wa siku nyingi. Unajuaje yeye hajuani na mkubwa wa huyo askari wako?

Magrupu nayo usiyaguse. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kutuma ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza mtu, na mwanasheria mzuri atakufanya wewe uonekane mkorofi. Mama yako nampa heshima zake zote, dua na isomwe, lakini lile duka la Buguruni linapokea shilingi.

Tuje kwenye deni lenyewe. Katika barua yako nilikuwa natafuta kitu kimoja: mahali ambapo mzee ameandika, kwa mkono wake au kwa kidole chake, kwamba unamdai 2,100,000. Hakuna. Kuna "wiki ijayo", kuna "niko kikaoni", kuna geti linalokwaruza. Hajakataa deni, lakini hajalikiri pia. Kwa hiyo kila unapompigia unaanza upya, unaomba hela ambayo kiasi chake hakijawahi kutajwa na mtu mwingine isipokuwa wewe. Miezi ikizidi, atakuja kukumbuka kwamba ilikuwa imebaki milioni moja na nusu, na wala hatakuwa anadanganya. Ndivyo atakavyokuwa anakumbuka.

Basi acha kudai hela kwa muda mfupi. Dai hesabu. Mwandikie meseji, usitume sauti na usipige simu. Iwe hivi:

"Shikamoo mzee. Poleni na majukumu, nawasalimu wote nyumbani. Naweka sawa daftari langu la kazi ya Goba. Makubaliano yetu ni 6,800,000. Nimepokea 3,500,000 kwa benki na 1,200,000 kwa simu, jumla 4,700,000. Imebaki 2,100,000. Pembeni kuna mlango wa banda la kuku, 180,000. Kama nimekosea mahali naomba unisahihishe. Kuhusu geti na grili ya jikoni, nitafika Jumamosi saa tatu asubuhi kurekebisha."

Basi. Usiongeze hata neno moja la "nina shida mzee wangu" au "naomba unisaidie". Shida zako hazimhusu, na wewe hujaenda kukopa, umefanya kazi. Umeona hata hela hujaiomba? Mtu anayeombwa hela akiwa hana hunyamaza. Anayeulizwa kama hesabu ni sahihi, huku fundi anakuja kumtengenezea geti bila kinyongo, hana sababu ya kukimbia. Atajibu "sawa fundi, karibu". Hilo "sawa fundi" ndilo tunalolitafuta. Akibishia kiasi, ni vizuri pia, ujue leo anachobishia kuliko kukijua mbele ya hakimu. Akinyamaza kabisa, Jumamosi nenda hivyohivyo.

Na uende kweli, kwa sababu lile geti ndilo tundu atakalotokea. Mteja mwenye dosari mkononi ana haki ya kusema "kwanza maliza kazi", na hata mahakamani anaweza kuomba dosari ikatwe kwenye deni. Ukifika, kabla hujagusa bawaba, tazama chini. Watu wakishahamia huweka pevingi, na uwanja ukipanda hata nusu inchi geti lililokuwa linapita vizuri linaanza kukwaruza. Kama ndivyo, mwambie mkewe kwa upole, mwonyeshe alama, kisha litengeneze hivyohivyo bila kudai chochote cha zaidi. Kama ni bawaba zimeshuka, hilo ni lako. Kutu ya grili mara nyingi huanzia kwenye mshono ambao haukusagwa vizuri kabla ya rangi, sihitaji kukufundisha: brashi ya waya, redi oksaidi, rangi juu. (Grinda ya mkeo kazi yake ndiyo hii.) Ukimaliza mwite mama alifungue na kulifunga geti mwenyewe, chukua video fupi, mtumie mzee: "Nimemaliza marekebisho leo, mama amelijaribu liko sawa. Ahsante." Tundu limezibwa.

Sasa tumzungumzie mzee, maana unamwogopa kuliko unavyomfahamu. Kwa maelezo yako mimi simwoni tapeli. Tapeli hakualiki kwenye maulidi akakutambulisha kwa wageni. Namwona mtu aliyeishiwa. Kila mtu hapa Dar anajua nyumba inavyokula mwishoni: msingi na kuta unajenga kwa miaka, kisha rangi, vigae, umeme, maji na mageti vinadai kwa mkupuo, na mwenye nyumba wa Sinza au Mwananyamala anataka kodi ya miezi sita mkononi. Mtu anaamua ahamie hivyohivyo aokoe kodi. Akishalala ndani, hela inayofuata inakwenda kwa anayeweza kumnyima kitu. Mwenye tanki la maji anaweza. Shule inaweza. Wewe ulishafunga geti ukaondoka, huna cha kumnyima. Si kwamba hana nia, ila wewe ndiwe wa mwisho kwenye foleni, na kila unapokubali "wiki ijayo" bila tarehe unarudi nyuma hatua moja.

Kwa hiyo akishakubali hesabu, usimuulize "lini mzee?" Swali hilo jibu lake unalo tayari. Pendekeza wewe. Ni mtumishi wa serikali, mshahara unaingia kabla mwezi haujaisha, na huo ndio wakati wa kuongea naye, si tarehe 10 mfuko ukiwa umelala. Mimi ningemwambia: "Mzee, tuigawe mara tatu, 700,000 kila mwezi mshahara ukiingia, tuanze mwezi huu." Najua unaitaka yote. Lakini 700,000 ya kwanza inalipa duka na chenji inabaki, na mtu akishalipa awamu moja ameshakiri deni lote kwa vitendo.

Ile 180,000 ya kuku itumie kwa akili. Haina maandishi, bei hamkuipigania, na akitaka kununa atanunia hiyo. Mwambie akimaliza awamu zote kwa tarehe mlizokubaliana, mlango wa kuku ni zawadi yako ya nyumba mpya. Nakuona unakunja uso. Lakini 180,000 ni ndogo mbele ya 2,100,000, tuambiane ukweli.

Itakuja hofu yako ya kumwambia mtu mzima "tuandikishane". Nyinyi ni watu wa msikiti mmoja, basi niwaulize: aya ndefu kuliko zote ndani ya Qurani inazungumza nini? Al-Baqara, ya 282, inaamrisha mnapokopeshana deni kwa muda mliandike, na muweke mashahidi, deni likiwa dogo au kubwa. Rafiki yako anaijua, na mjomba wake anaijua. Kuandika hakumaanishi humwamini mtu. Mfuate rafiki yako umwambie, "Ulituunganisha siku ya neema, njoo ukae nasi siku ya hesabu." Usimpe ujumbe akufikishie, maana atauchuja, atamwambia mjomba wake "fundi anakusalimia" na ataona amemaliza. Aje mkae pamoja, nyumbani kwa mzee, mchana, siku isiyo na wageni. Wewe unabeba daftari. Na usimsemee mzee vibaya kwa rafiki yako njiani, hata kidogo. Yale yatafika kabla yenu.

Kuhusu kuandikishana kwenyewe, ukurasa mmoja unatosha: majina yenu, kazi iliyofanyika, jumla, iliyolipwa, iliyobaki, tarehe za awamu, sahihi, na mashahidi wawili. Mkitaka uzito zaidi, nendeni ofisi ya serikali ya mtaa wake, mwenyekiti au mtendaji ashuhudie na kugonga muhuri. Ofisi ya mtaa haina mamlaka ya kumlazimisha alipe, hilo ulijue mapema usije ukalala mlangoni kwao. Lakini mtu mzima wa Goba hapendi mwenyekiti wake wa mtaa ajue kwamba alisaini akakiuka.

Je, asipokubali chochote? Asijibu meseji, akwepe kikao, awamu ya kwanza ipite? Hapo unaandika barua ya madai, kwa Kiswahili, bila matusi, ukimpa siku 14 kulipa au kupendekeza namna ya kulipa. Toa nakala mbili, ya kwako asaini kwamba amepokea, akigoma mwombe shahidi uliyekwenda naye aandike hivyo. Ukiweza kumlipa wakili aiandike kwa karatasi yake, barua hiyo huwa na sauti nyingine. Usipoweza, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria ambao kazi yao ni kuwasaidia watu wa kipato kidogo, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kipo hapahapa Dar. Nenda uulize.

Baada ya barua ni Mahakama ya Mwanzo. Usishtuke. Inasikiliza madai ya mkataba yasiyozidi 30,000,000, kwa hiyo deni lako linaingia na kubaki na nafasi tele, na kesi inaendeshwa kwa Kiswahili hiki tunachozungumza. Unafungua ile inayohudumia eneo analoishi mdaiwa au kazi ilipofanyika, kwako vyote ni Goba. Hakimu anaweza kuamuru alipe kwa awamu, na akikaidi hukumu kuna njia za kukamata mali. Itakula muda, utaahirishiwa, siku hizo hutachomelea. Ndiyo maana naiweka mwisho. Lakini iwepo kichwani mwako unapoandika ile meseji ya kwanza, maana kila nilichokwambia hapo juu kinakutengenezea faili bila mzee kuona kwamba unatengeneza faili.

Mafundi wengi wanaamini bila mkataba wa karatasi huna lako. Si kweli. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inayatambua makubaliano ya mdomo. Tabu ni kuyathibitisha tu, na wewe una vingi kuliko unavyodhani. Una ukurasa wa daftari, usiuchane wala usiufutefute, uache na makosa yake. Una taarifa ya benki inayoonyesha 3,500,000 imetoka kwake, na kampuni ya simu itakupa taarifa ya miamala ya ile 1,200,000. Una meseji yake ya kulalamikia geti: mtu halalamikii kazi ambayo hakuiagiza. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu meseji za simu kupokelewa kama ushahidi. Kwa hiyo usifute mazungumzo yenu, na usiyaache kwenye simu moja tu. Pita stesheneri yoyote uyachapishe, weka nyumbani. Simu za mjini unazijua, mwendokasi ya Kimara saa kumi na mbili jioni inaweza kukushusha ukiwa na kasha tupu.

Na muda unao. Dai la mkataba ukomo wake ni miaka 6, na mdaiwa akikiri deni kwa maandishi na sahihi yake, au akilipa sehemu, hesabu ya miaka inaanza upya. Sikwambii haya ili ulale. Nakwambia ili usiende Goba usiku ukiwa na hasira kana kwamba deni linaisha kesho.

Kibada. Hapa ndipo naona mtego, ingawa sidhani mzee ameutega kwa makusudi. "Tutamalizana zote kwa pamoja" maana yake ununue vyuma vya shemeji kwa hela ambayo huna, kutoka kwa duka ambalo unadaiwa, ukisubiri malipo kwa mtu ambaye hajamaliza ya kwanza. Usikatae kazi. Vuka pantoni au pita darajani, kapime, ongea na shemeji mwenyewe, mpe bei yake. Kazi mpya, mteja mpya, daftari jipya. Mzee akiuliza, mjibu kwa adabu: "Ya Kibada nimemalizana na shemeji, ya kwetu tunaendelea nayo kama tulivyopanga."

Na bei hiyo igawe hivi. Malipo ya kwanza yatosheleze vyuma vyote, rodi, diski, rangi na usafiri, usianze kuchomelea hata kipande kabla hayajaingia. Kwenye kazi ya mageti huwa ni zaidi ya nusu ya bei. Malipo ya pili ni makubwa, na yanatoka geti likiwa bado karakana. Mwite aje alione Tabata, alisukume, alikosoe, alipe, ndipo uite kirikuu. Geti likiwa kwako nguvu ni yako, likiwa limefungwa kwake nguvu imehama, umeshaliona hilo kwa macho yako. Cha kulipwa baada ya kufunga kibaki kidogo, kiasi ambacho hata kikichelewa miezi miwili hakigusi duka wala vijana. Na aliyeahidi kulipa siku ya kufunga akiwa safarini, kufunga kunaahirishwa mpaka hela ifike kwenye simu. Unampigia kabla hujapakia. Ukishafika na geti mlangoni, ukapewa na maandazi, umeshachelewa.

Shemeji akisema hakuamini na hela ya vyuma, mwambie mwende naye dukani alipe mwenyewe, wewe umlipishe ufundi tu. Hutapata cha juu, najua. Basi ufundi wako upandishe bei mpaka ukutoshe, uitaje waziwazi, mmalizane hapohapo.

Kabla ya yote hayo, leo au kesho, nenda Buguruni kwa miguu yako kabla hawajakupigia. Mwambie mwenye duka unachosubiri na tarehe utakayompa kitu, hata kama ni 200,000 za kuanzia kutoka kazi nyingine ndogo. Wewe usiwe "wiki ijayo" ya mtu mwingine. Yule kijana anayekwenda deiwaka kwa wengine, kama unamdai kazi na yeye anakudai siku zake, mlipe wa kwanza kabisa kwenye 700,000 ya mzee, kabla hata ya duka. Yeye hakukubaliana chochote na mtu wa Goba, alikubaliana na wewe. Halafu niandikie mzee akishajibu ile meseji, na unitumie alichokiandika kama kilivyo, usinisimulie.

Shangazi